Bibi wa Kisimani

Kabula aliponipigia simu mwaka jana kunitaarifu kwamba binti yake anaolewa, hakuanza na habari za nyumbani wala za kazi. Alinikatishia jina kama zamani, akasema tu, "Ore, umevua viatu vya chuma?" Nilikuwa jikoni kwangu hapa Mpanda, mwiko mkononi, wajukuu wawili wanagombania kikombe, na mdomo ukajibu kabla kichwa hakijafikiri: "Nimevua, adui hasikii." Tukacheka mpaka mwiko ukaanguka. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, tangu mama yake alipofariki, na sauti yake ilikuwa imenenepa kidogo, lakini kicheko kilikuwa kilekile cha kuishiwa pumzi. Nilipokata simu, mjukuu mkubwa aliniuliza adui ni nani. Nikamwambia ni habari ndefu. Basi ndiyo hii. Ni habari ya mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mwaka niliojifunza kupiga chapa bila kutazama herufi, nikacheka kuliko miaka mingine yote, na nikafanya kosa moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka nahisi baridi ya sementi kwenye magoti.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mtu Sumbawanga alikuwa anafungua kitu. Aliyekuwa dereva wa serikali alifungua duka la vipuri, aliyekuwa mwalimu alifungua mgahawa, na Mwalimu Nolasko, ambaye alikuwa karani wa shirika moja la umma mpaka shirika lilipopunguza watu, alifungua chuo cha uhazili pale Mazwi. Ninasema chuo kwa heshima yake. Vilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mitumba, dirisha linatazamana na mashine ya kusaga, kwa hiyo kila kitu kilikuwa na vumbi jeupe: taipureta tisa, kalenda, mabega ya koti la Mwalimu. Mwezi wa sita baridi ya Ufipa ilituingia mpaka vidole vikakataa kupiga herufi, tukawa tunavipasha juu ya vikombe vya chai ya rangi kabla ya kuanza zoezi. Chumba cha pili kilikuwa na kitu kimoja tu cha maana, nacho kilifunikwa kwa kitambaa cha kufuma kama redio za wazee. Ilikuwa kompyuta. Mradi mmoja wa mabomba ya maji ulipofunga ofisi yake, Mwalimu aliwahi mapema kuliko wengine, akarudi nayo juu ya mkokoteni, imezungushiwa magodoro mawili. Waliruhusiwa kuigusa wanafunzi waliomaliza zoezi la mwisho la taipureta, na mwaka ule waliomaliza tulikuwa wawili, mimi na Kabula.

Kabula alikuwa Msukuma, mrefu, mwenye haraka ya kucheka. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wametembea kutoka Usukumani hadi upande wa Nkasi, na familia nyuma yao. Tulipanga chumba kimoja Katandala kwa mjane aliyeitwa Mama Gaude, chumba chenye dirisha dogo lililozibwa kwa gunia, kitanda kimoja, jiko la mkaa mlangoni, na msumari mmoja ambao tuliutundikia gauni zote mbili za chuo. Tulikula ugali wa ulezi na maharage siku sita, siku ya saba maharage na ugali wa ulezi. Sikumbuki kuwa na njaa hata siku moja, ingawa nikipiga hesabu za vyakula naona wazi kwamba tulikuwa nayo.

Ule mchezo wa viatu vya chuma tuliukuta ndani ya kompyuta, katikati ya mafaili ya mabomba, umeachwa labda na mtoto wa mtu wa mradi. Ulikuwa wa nchi ya kubuni iliyokauka. Mfalme mgonjwa, misitu yenye majitu, mapango yenye mizimu, na kijana mmoja mwenye upanga, urefu wake kwenye kioo hauzidi ukucha, anatumwa kutafuta maji yaliyofungiwa chini ya mlima. Ulituomba jina la kijana tukampa la Mwene, kama watemi wa Kifipa, kwa kuwa Mwalimu Nolasko alisimama nyuma yetu akasema mtu anayekwenda kuokoa nchi haitwi Joni. Chini ya kioo ziliandikwa herufi saba tu za kumwamuru: atembee, apige, achukue, ale, aseme, alale, na ya kuhifadhi safari kwenye diski ili umeme ukikatika tusianze upya. Mengine yote mtengenezaji aliyaficha. Wajukuu wangu wanacheza michezo ya simu ambayo kila kitu unaonyeshwa kwa mshale, gusa hapa, pita hapa. Wetu haukusema kitu. Ulikuwa unatuhesabia mambo kimyakimya, na sisi tulilazimika kujua unahesabu nini. Kwa nini leo Mwene amevamiwa pangoni na jana hakuvamiwa? Kwa nini daraja limekatika? Tulikuwa na kibodi moja, hivyo tuliigawana kama tulivyofundishwa kugawa vidole: Kabula mkono wa kushoto, mimi wa kulia. Mwene alikuwa mtu mmoja mwenye wasichana wawili ndani yake, na kwa kweli tulimwendesha vizuri.

Mwalimu aliuruhusu mchezo saa ya mapumziko ya mchana tu, umeme ukiwepo, wateja wa kuchapiwa barua wasipokuwepo. Alidai ni mazoezi ya vidole. Wiki ya tatu tukamkuta amekuja kabla yetu, koti halijavuliwa, anapigana na popo. Tangu siku hiyo akawa mkuu wa msafara, na kwa kuwa alikuwa karani mpaka kwenye mifupa, aliamuru kila siri tuliyoifumbua iandikwe, ipewe namba, iwekwe kwenye jalada. Ninalo mpaka leo, karatasi zimekuwa rangi ya chai. "YAH: VIATU VYA CHUMA. Imebainika kwamba msafiri akivaa viatu vya chuma, adui humsikia kabla hajamwona. Avivue mlangoni mwa pango." "YAH: MKATE. Mkate huota ukungu siku ya sita ya safari, isipokuwa umebebwa mfuko mmoja na chumvi." "YAH: DARAJA LA KAMBA. Halibebi mtu mwenye ngao mbili. Aache moja, arudi kuichukua." "YAH: JITU LA MATOPE. Likichomwa moto hugawanyika yakawa mawili. Limwagiwe maji ya chumvi." Kila karatasi ilikuwa na sahihi yake chini na muhuri wa chuo. Siri ya ngao mbili ilitugharimu wiki nzima, na tulipoipata Mwalimu alitununulia soda, akatulazimisha tuinywe tumesimama.

Hilo jitu la matope ndilo lililotuletea jumuiya. Jumapili moja mchana tulikuwa uani tunachambua maharage, Kabula akasema, "Yule tukimchoma anakuwa wawili." Nikasema, "Basi tumwagie maji ya chumvi akiwa amelala." Akauliza, "Na yule bibi?" Nikajibu, "Bibi tumwache kwanza, mpaka tujue anataka nini." Upande wa pili wa ua wa matete alikuwa Mama Gaude, bibi mwenyewe, anaanua nguo. Hatukujua kitu. Jumanne jioni mapema, tukiwa tumetoka chuoni, wakaja akina mama kumi na mmoja wa jumuiya ndogo ndogo, na rozari, na chupa ya maji ya baraka, wakajipanga kitandani, mlangoni na juu ya ndoo. Wakasali matendo yote matano. Mimi nilidhani kuna msiba. Walipomaliza, mwenyekiti akatuuliza kwa upole kama tuna neno la kusema mbele ya Mungu, na Kabula, ambaye hata Mkatoliki hakuwa, akauliza kwa adabu kama chumvi nayo huwa inabarikiwa. Mama Gaude akapiga ukemi. Ilibidi kesho yake tumpeleke Mazwi akaone mwenyewe. Alisogeza uso karibu na kioo, akamwangalia Mwene anavyotembea, akasema, "Kumbe ni haka kadude? Mmenisumbulia watu wazima kwa haka kadude!" Halafu akaketi akataka kuona jitu la matope.

Sasa huyo bibi tuliyekuwa tunamsema. Katika mchezo kulikuwa na kijiji kidogo kabla ya mlima, na kisima, na pembeni ya kisima bibi mmoja mwenye shuka la kijivu. Ukimsemesha anajibu neno moja, ambalo Mwalimu alitutafsiria: "Kisima kimekauka, mwanangu." Kila siku hilohilo. Mbele ya kijiji ndipo mlima, na kwenye mlima mlango wa chuma ambao haukufunguliwa na ufunguo wowote kati ya kumi na saba tulizozihangaikia. Tuliufikia mwezi wa nane, tukakwama. Siri ya kupiga goti ilikuja kwa makosa. Mwalimu alimfunga Kabula kitambaa usoni apige herufi zote, mwanzo hadi mwisho, akidhani kioo kina ukurasa mtupu, kumbe kina mchezo. Kabula alipofungua macho, Mwene alikuwa ameshatupa mkate, amevua nguo zote za chuma, ameketi, ameinuka, na kwa herufi ya mwisho kabisa, amepiga goti. Hiyo Z haikuandikwa popote. Tulitazamana. Kwa wengine labda ingekuwa kichekesho tu cha mtengenezaji. Kwa sisi ilikuwa aibu: tumezunguka nchi za watu miezi mitano, tunaingia majumbani mwa wazee tunauliza habari za panga, hatujaamkia hata mmoja!

Tukarudi nyuma nchi nzima kuwaamkia. Mwalimu Nolasko alikataa kwanza. "Mwene hapigi goti," alisema, "Mwene ndiye hupigiwa." Kabula akamjibu, "Huyu bado hajatawazwa, Mwalimu." Kila goti lilikula muda wa safari, na muda ulikula mkate, lakini hatukujali, tuliona vibaya kupita mzee tukiwa tumesimama. Na mambo yakaanza kubadilika. Mlinzi wa daraja akatufungulia bila ushuru. Mfua vyuma akatunolea upanga. "YAH: SALAMU," tukachapa, "Imebainika kwamba wazee wa nchi hii hukumbuka." Bibi wa kisimani tu ndiye hakubadilika. Tulimpigia goti asubuhi ya mchezo, mchana wa mchezo, mvuani, tukiwa na mkate na bila mkate. "Kisima kimekauka, mwanangu." Nilianza kumchukia, ninakiri.

Mwisho wa mwezi wa kumi kondakta wa basi la Namanyere, upande wa kwao Kabula, alinikabidhi barua ya kumpa. Haikuwa na bahasha, ni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, na mwandiko ulikuwa wa kaka yake. Niliisoma. Sikupaswa kuisoma. Baba alisema nyasi zimekwisha, wanahamisha ng'ombe kuelekea bondeni kabla ya mvua, na hamwachi binti yake katika mji usio na ndugu hata mmoja. Kabula arudi Jumamosi, akae tayari kuhama. Ilikuwa imebaki miezi miwili amalize chuo apate cheti. Nilisimama pale stendi na vumbi linanipiga machoni, nikawaza chumba bila yeye, kibodi bila mkono wa kushoto. Nikaiweka barua kwenye droo ya ofisi, chini ya karatasi za kaboni. Nikajiambia nitampa kesho, tukishamaliza kujaribu jambo moja kisimani. Kesho nayo ikawa na jambo lake. Jumamosi ikapita. Nilikuwa ninacheka naye mchana, ninakula naye sahani moja jioni, na barua ipo. Siku ya tisa baba yake akaja mwenyewe.

Kabula alikuwa ametumwa posta. Niliuona mlango umejaa mtu: koti refu la kijeshi, fimbo, katambuga za tairi zenye vumbi la safari. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani, maana kipaji cha uso kilikuwa cha Kabula. Nikapiga goti hapohapo kwenye sementi. "Shikamoo baba." Hakuitikia. Mwalimu Nolasko alianza, "Karibu mzee, karibu kiti," naye akaishia hapo. Sisi Wafipa mzee akichelewa kuitikia tunapiga makofi taratibu, basi nikapiga makofi, yakasikika madogo sana. Mashine ya kusaga ikazimwa, ikawashwa tena. Alikuwa anasoma kalenda ukutani. Ningeweza kuinuka, mtu ana haki ya kuinuka, lakini nilijua nikiinuka bila kuitikiwa nitakuwa nimekimbia. Nilikaa mpaka nikaona hakuna kingine cha kufanya ila kusema kweli. "Baba, barua ilifika. Nilipewa mimi. Iko kwenye droo."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

"Kabula kaiona?"

"Hajaiona. Nilitaka abaki."

Sasa alikuwa ananitazama. Kisha akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "Marahaba. Inuka mayu, sakafu hii ina baridi."

Kabula aliingia na stempu mkononi, akamwona baba yake, akapiga goti mlangoni, na furaha ikamjaa usoni kwa muda mfupi sana, kwa sababu baada ya salamu alipewa ile karatasi. Aliisoma. Alinitazama tu, na ningeona afadhali kofi. Basi la kurudi Namanyere lilikuwa saa nane. Akaanza kukusanya vitu vyake, rula, daftari la hatimkato, sweta, kisha akamgeukia baba yake akasema, "Baba, naomba dakika mbili nimweke mtu wetu mahali pazuri." Mzee akadhani kuna mgonjwa. Akavuta kiti aone.

Kabula alimtembeza Mwene mpaka kisimani peke yake, mkono mmoja, mimi sikuthubutu kukaa. Akapiga Z. Mwene akapiga goti. Bibi akasema kisima kimekauka. Mwene akainuka kwenda.

"Huyu anafanya nini?" mzee akauliza.

"Anamwamkia bibi, baba."

"Na sasa anakwenda wapi?"

"Kashaamkia."

Mzee akacheka, na hapo ndipo nilipojua Kabula alirithi kicheko kwa nani. "Huyo hajaamkia. Huyo amefunga kamba ya kiatu. Bibi kaitikia?"

"Haitikii. Anasema tu kisima kimekauka."

"Mtu hajakuitikia, unaondokaje?" Akaninyooshea fimbo. "Huyu mwenzako hapa ana makosa yake, lakini alikaa."

Miezi yote ile tulikuwa wapiga chapa, vidole vyetu vilifundishwa kwamba kibodi ikinyamaza kazi imelala. Kila tulipopiga goti, herufi ya pili ilifuata kabla ya pumzi ya pili. Hatukuwahi hata siku moja kukaa mbele ya bibi yule bila kugusa herufi yoyote. Kabula akamrudisha Mwene, akapiga Z, akainua mkono juu. Mwalimu Nolasko akaifunga mikono yake nyuma ya mgongo, mmoja ukaushika mwingine. "Mtu asiguse!" akasema kwa kunong'ona. Tukangoja. Mwene amepiga goti, bibi amesimama, kisima kimekauka. Chai ikapoa. Kule kwenye mashine wakamaliza gunia wakafungua lingine. Mwalimu alikuwa anaangalia taa ya dari, maana umeme wa mji wetu ulikuwa wa majenereta na ulijiendea ulivyotaka. Kutoka stendi ikaja honi ya basi la Namanyere, ndefu, ya kwanza. Kabula akamtazama baba yake. "Tulieni," mzee akasema, macho kwenye kioo. Ikaja ya pili. Mpaka leo sijui kama aliisikia.

Kisha bibi akageuka. Hatukuwa tumewahi kumwona uso. Maandishi yakaja polepole, na Mwalimu aliyatafsiri kwa sauti iliyopasuka katikati: "Umekaa. Wengine wote walikuwa na haraka. Shuka, mwanangu, maji yako huku." Ndani ya kisima zikaonekana ngazi. Mwalimu Nolasko alipiga kelele mpaka watu wa mashine wakaja na unga vichwani kuuliza nani kaumia. Tulirukaruka, mimi na Kabula tukakumbatiana kabla hajakumbuka kwamba ananichukia, akaniachia. Ngazi zile zilikwenda chini ya mlima zikatokea nyuma ya mlango wa chuma. Haukuwa na ufunguo popote, ulifungwa kwa komeo la ndani.

"Aliyetengeneza kitu hiki," mzee akasema, akitafuta fimbo yake, "kalelewa na bibi yake. Basi liko wapi?"

Basi lilikuwa limeondoka. Ndivyo baba yake Kabula alivyokula kwetu Katandala jioni ile, kwenye kigoda, magoti karibu na masikio. Tulipika ugali wa ulezi, Mama Gaude akaleta migebuka ya kuchoma, na mzee akafungua kibuyu chake cha maziwa mgando. Nilikuwa nasukuma mkaa nje ya mlango nikasikia mama mwenye nyumba anamwambia, "Wasichana hawa hawana neno, baba. Ila usiwasikilize wakichambua maharage." Mzee akauliza ndugu wa Kabula mjini hapa ni nani. Mama Gaude akasema, "Unakula samaki wa nani?" Mzee akaenda kulala kwa Mwalimu Nolasko, na nilisikia baadaye kwamba walisimuliana habari za viatu vya chuma.

Asubuhi alipita ofisini kabla ya basi. Alitaka kumwandikia mwanawe aliyetangulia bondeni na ng'ombe, na kwa kuwa binti yake ni mwandishi, basi aandike. Kabula akafungua ukurasa mpya kwenye kompyuta. Mzee akakaa mbele yake, akaanza kusema, na Kabula akaanza kupiga, huku anamtazama baba yake. Ndivyo tulivyofundishwa, macho yasishuke kwenye herufi, kwetu lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mzee akasimama katikati ya sentensi. "Unaandika?" "Naandika, baba." Akainama akaona maneno yake yamefika yote. Alisema amekwenda ofisi ngapi kutafuta kibali cha kuhamisha ng'ombe, na kwa makarani wote alichokiona ni utosi, wameinamia karatasi. Halafu akauliza alipokuwa amefika. Kabula akamsomea: mtengee Kabula mahali pa kulala, anakuja na mimi. "Hapo panafutika?" "Panafutika." "Futa." Tukaangalia herufi zinavyoliwa moja moja kutoka mwisho. "Sasa andika: Kabula atabaki mpaka amalize. Anakaa kwa Mama Gaude." Mikono yote miwili ya Kabula ilikuwa kwenye kibodi, machozi yanashuka, na hakukosea hata herufi moja. Mimi nililia kwa sauti, Mwalimu akanitoa nje.

Kabula hakusema nami siku mbili. Saa ya mapumziko tulikaa kibodini kimya, kushoto kwake na kulia kwangu, Mwene akienda vizuri tu kama ambaye hana habari. Siku ya tatu, uani, alisema, "Ungenipa barua ningemwambia mwenyewe kwamba sitaki kwenda. Hilo uliniibia." Ni kweli. Nikapiga goti nikamwomba radhi, naye akaendelea kuchambua maharage yake, punje kwa punje, sinia nzima, nami nipo chini. Alipomaliza akasema, "Marahaba," kwa sauti ya baba yake, na tukacheka mpaka Mama Gaude akachungulia kwenye matete.

Tuliumaliza mchezo wiki moja kabla ya Krismasi. Maji yakapanda kisimani, nchi ikawa kijani, na majina ya watengenezaji yakapita, ya kigeni yote, marefu. Tulitafuta bibi kati yao hatukumwona. Kabula alipompelekea baba yake habari hiyo, mzee alijibu kwamba angeshangaa kama angekuwepo, bibi huwa haandikwi. Kabula akapata cheti, kisha kazi, na sasa ndiye mtunza kumbukumbu wa halmashauri kule Namanyere. Nimeambiwa watu humsifu kwamba ukimweleza shida yako anakutazama.

Harusi ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ileile. Ukumbi ulijaa, vitenge vya sare, maspika yanapasua masikio. Kabula alinitambulisha kwenye maikrofoni kama mama mdogo wa bibi harusi aliyewahi kuficha barua, watu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Wakati wa zawadi tukapanga foleni kupita mbele ya wazee, na kwenye kiti cha kwanza, ndani ya blanketi, alikuwa yeye, baba yake Kabula. Amekuwa mdogo. Wanasema anakaribia miaka tisini, hasikii vizuri, siku nyingine hawatambui hata wanawe. Nikapiga goti. Siku hizi magoti yangu yana maoni yao kuhusu jambo hilo. "Shikamoo baba." Macho yake yalinipita yakaenda kwenye mapambo. Nikapiga makofi taratibu. Nyuma yangu foleni ilijaa masufuria na mablanketi, mshereheshaji anaimba, "Tusonge, wageni, tusonge!" Mama mmoja akanigusa bega, akaniambia kwa huruma, "Dada, hasikii huyo, pita tu." Sikupita. Kule jukwaani nikamwona Kabula ananyoosha mkono kumnyamazisha mshereheshaji, naye muziki akauzima, na ukumbi mzima ukabaki unaniangalia mtu mzima nimepiga goti sakafuni bila sababu.

Sijui ilikuwa muda gani. Mzee aliinamisha kichwa, akanitafuta usoni kidogo kidogo, kutoka kidevu kupanda juu.

"Yule bibi wa kisimani," akasema, "hajambo?"

"Hajambo, baba. Anakusalimu sana."

"Marahaba," akasema, na hapo ndipo nikainuka.